Pimbi wa Masasi na marmoti wa milimani

Video za marmoti zimeenea sana kwenye simu siku hizi: mnyama mnene wa manyoya ya kahawia, kasimama kwa miguu ya nyuma juu ya jiwe, anapiga mluzi mkali. Wanafunzi wa sekondari hapa Masasi wakiniona huniuliza, "Mwalimu, huyu si pimbi wetu wa mlima Mtandi?" Mimi kazi yangu ni mamalia wadogo, na swali hili nalipenda kuliko mengi ninayoulizwa, kwa sababu lina majibu mawili. Kwa ukoo, hapana, tena hawakaribiani hata kidogo. Kwa maisha, karibu ndiyo.

Marmoti ni mgugunaji, wa familia moja na kindi wanaokimbia kwenye mikorosho yetu. Ziko spishi 15 hivi, zote za kaskazini ya dunia: milima ya Alps, nyika za Mongolia, milima ya Marekani Kaskazini. Wote ni wachimbaji hodari. Wengi wao huishi kwa makundi ya familia, na hapo ndipo panaponivutia, maana si wote. Yuko mmoja, Marmota monax wa misitu na mashamba ya Marekani na Kanada, anayeishi peke yake. Watoto wake huondoka kwa mama ndani ya kiangazi kilekile walichozaliwa. Kwa nini huyu aachane na wanawe mapema hivyo, na yule wa mlimani akae nao miaka?

Jibu liko kwenye urefu wa msimu wa majani. Kule juu milimani theluji huyeyuka kwa kuchelewa na kurudi mapema, kwa hiyo mtoto hana muda wa kunenepa vya kutosha. Akifukuzwa mwaka wa kwanza atakufa. Basi anabaki nyumbani, miaka miwili au zaidi, na ukoo unakuwa mkubwa.

Marmoti wa Alps hulala chini ya ardhi miezi sita hivi ya baridi bila kula. Familia nzima huingia chumba kimoja chenye majani makavu, huziba mlango kwa udongo na mawe, kisha hulala wamegandamana. Joto la mwili hushuka hadi nyuzi chache tu juu ya sifuri, na moyo hupiga mara chache sana kwa dakika. Kila baada ya wiki kadhaa huamka wote karibu kwa wakati mmoja na kujipasha moto upya, na kujipasha huko ndiko kunakomaliza mafuta. Mtafiti Walter Arnold, aliyewafuatilia kule Berchtesgaden, Ujerumani, alionyesha kwamba wakubwa huwapasha moto wadogo. Kitoto kilicholala na kaka zake wakubwa kina nafasi kubwa zaidi ya kuuona mwisho wa baridi, na hao kaka hutoka wamekonda kuliko wangelala bila kitoto. Kila nikilifikiria jambo hili nawaheshimu wanyama hawa upya.

Jamaa zao wa tambarare za Marekani, kindi wa mashimo wa jenasi Cynomys, wao wanatisha kwa ujenzi. Shimo lao huwa na milango zaidi ya mmoja, na milango hailingani. Mmoja una tuta la chini, la mviringo. Mwingine una ukingo mwembamba ulioinuliwa juu zaidi, ambao mnyama huushindilia kwa pua baada ya mvua. Upepo hupita kwa kasi zaidi juu ya ukingo ulioinuliwa kuliko karibu na ardhi, kwa hiyo hewa hunyonywa kutoka huko, na hewa safi huingia kwa mlango wa chini. Mwanabiolojia Steven Vogel na wenzake walilieleza hili mwaka 1973. Upepo mdogo tu unatosha kubadilisha hewa ya handaki zima.

Kuishi pamoja kuna gharama pia. Viroboto hupita kwa urahisi kutoka kwa huyu hadi kwa yule, na tauni ikiingia koloni ya Cynomys inaweza kuifuta yote. Wawindaji wazoefu wa Mongolia walijua kumwacha marmoti anayeyumba au mzito kukimbia, maana huenda ana tauni. Mwaka 1910, bei ya ngozi ilipopanda, waliingia wawindaji wageni wasioijua kanuni hiyo. Tauni ya mapafu iliyofuata Manchuria, kaskazini-mashariki mwa China, iliua watu wapatao 60,000 hadi mwaka 1911, na ndipo Dkt. Wu Lien-teh alipohimiza uvaaji wa barakoa.

Sasa turudi kwa pimbi. Mtazame miguu: mbele vidole vinne, nyuma vitatu, kucha butu zinazofanana na kwato, nyayo laini zenye unyevu zinazoshika mwamba. Meno mawili ya juu ni makali na hayaachi kukua. Panya shamba hubeba mimba wiki tatu hivi na kuzaa kumi au zaidi, vipofu, hawana manyoya. Pimbi, mnyama wa kilo chache tu, hubeba zaidi ya miezi saba na kuzaa wawili au watatu waliokwisha kufumbua macho. Ndugu zake wa karibu walio hai ni tembo na nguva. Ukichukua Mtwara na Lindi pamoja, koo zote tatu tunazo: pimbi Masasi, tembo Liwale, na nguva wachache waliosalia bahari ya Kilwa.

Hata hivyo naye huishi kwa koloni, huweka mlinzi, hupiga kelele tai akitokea, na asubuhi hujazana juani kwa kuwa mwili wake hauwezi kutunza joto vizuri. Tofauti kubwa ni moja: pimbi hachimbi. Marmoti akibomolewa shimo atachimba jingine. Pimbi anategemea nyufa alizozikuta, na nyufa zenye kina cha kutosha ni chache hata kwenye mlima mkubwa.

Ndiyo maana nawaomba wapasua kokoto na serikali za vijiji wakague mwamba kabla ya kuuchoma moto na kuupasua. Koloni hujisaidia mahali pamoja, kizazi hadi kizazi, na mkojo hukauka ukaacha michirizi mipana myeupe na ya kahawia, inayoonekana kutoka mbali. Chini yake mtakuta lundo la mavi madogo ya mviringo. Yakiwa mabichi, kuna familia ndani ya mwamba huo, na yako mawe mengine ya kupasua.