Karatasi Kwanza, Rangi Baadaye: Kutayarisha Nyumba ya Kuuza Nairobi

Malalamiko yanayofika kwenye dawati letu la elimu kwa umma kuhusu uuzaji wa nyumba jijini yanafanana sana. Mwenye nyumba Donholm au Lang'ata amepata mnunuzi, bei imekubaliwa, asilimia 10 ya malipo ya awali iko kwa wakili, kisha miezi inapita bila nyumba kubadilishwa jina. Mnunuzi anataka kuvunja mkataba, benki yake inauliza maswali, na muuzaji anaamini kuna afisa aliyekalia faili lake. Katika mengi tunayoyafuatilia, faili halijakaliwa na mtu. Limekosa karatasi ambayo muuzaji alipaswa kuwa nayo kabla ya kutangaza nyumba.

Mikataba mingi ya mauzo hutoa siku 90 za kukamilisha shughuli. Muda huo unatosha kwa aliyejitayarisha. Kwa anayeanza kutafuta hati baada ya kutia sahihi, hautoshi, na ndiyo maana tunasisitiza karatasi zitangulie hata kabla ya kumwita fundi wa rangi.

Fungua akaunti ya Ardhisasa, mfumo wa Wizara ya Ardhi wa huduma za ardhi mtandaoni, kwa kitambulisho chako, PIN yako ya KRA na nambari ya simu unayoitumia. Mfumo huu ulizinduliwa Aprili 2021 na ulianzia Nairobi, kwa hivyo mwenye nyumba wa jiji hili hana sababu ya kusema haumhusu. Usimpe broka akufungulie kwa simu yake, maana ujumbe wa kuthibitisha utaenda kwake na siku ya kuidhinisha uhamisho utaanza kumtafuta. Ukishaingia, fanya sachi, yaani ukaguzi wa rekodi za usajili, ya nyumba yako mwenyewe. Watu hushangaa tukiwaambia hivi. Lakini mnunuzi ataifanya, na ni heri wewe uwe wa kwanza kujua kama kuna zuio lililowekwa na jamaa, rehani ya benki iliyolipwa zamani bila kufutwa, au jina lililoandikwa tofauti na la kitambulisho. Tofauti ya herufi moja hutatuliwa kwa hati ya kiapo na uvumilivu kidogo. Rehani isiyofutwa inahitaji hati ya kuachilia kutoka benki, nayo benki haiitoi kwa siku moja.

Angalia pia hati yenyewe ni ya aina gani. Sheria za zamani za usajili wa ardhi zilifutwa mwaka 2012 na hati zilizotolewa chini yake zinabadilishwa ziingie katika mfumo mmoja, wenye nambari mpya za ploti. Kama yako haijabadilishwa, shughulikia hilo sasa. Kama imepotea, utaratibu ni huu: ripoti kwa polisi upate ripoti ya maandishi, uape mbele ya kamishna wa viapo, upeleke ombi kwa msajili, kisha tangazo litoke katika Gazeti Rasmi la Serikali na siku 60 zipite bila pingamizi ndipo hati mbadala itolewe. Hakuna njia ya mkato. Anayekuahidi hati mbadala kwa wiki moja anakuuzia hati bandia, na chini ya Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 kujipatia usajili kwa udanganyifu kunaweza kukutoza faini isiyozidi shilingi milioni 5, kifungo kisichozidi miaka 5, au vyote viwili.

Wauzaji wengine hukasirika mnunuzi anapoulizia historia ya ploti, ilitoka kwa nani na iligawiwa vipi. Wanaona wanatuhumiwa wizi. Tangu uamuzi wa Mahakama ya Juu wa 2023 katika kesi ya Dina Management dhidi ya Kaunti ya Mombasa, wakili makini hana budi kuuliza. Mahakama ilisema cheti peke yake hakimlindi mwenye nacho ikiwa ardhi ilitolewa kinyume cha sheria tangu mwanzo. Weka pamoja nakala za mkataba wako wa kununua, barua ya ugawaji kama ipo, na ramani ya ploti. Utapunguza wiki nzima za barua kati ya mawakili.

Sasa suala la ndoa, na hapa tutasema wazi kwa sababu tumelirudia mno. Kuwa hati iko kwa jina lako peke yako hakukupi ruhusa ya kuuza nyumba ya familia bila mwenzi wako. Sheria ya Mali ya Wanandoa ya 2013 inataka idhini yake. Haijalishi nani alilipa mkopo. Idhini iwe ya maandishi, mwenzi aitie sahihi mbele ya wakili, tena akiwa amepata nafasi ya kushauriwa. Kumletea mke karatasi jioni ya kuamkia siku ya mkataba ni kutafuta kesi.

Nyumba ya marehemu ni jambo jingine. Wosia wa mdomo, kikao cha ukoo au barua ya chifu havimpi mtu uwezo wa kuuza. Mahakama hutoa hati ya usimamizi wa mirathi, na baada ya miezi 6 kwa kawaida huithibitisha kwa kuonyesha nani anarithi nini. Sheria ya Urithi inakataza msimamizi kuuza ardhi au nyumba kabla ya hati hiyo kuthibitishwa. Asiye msimamizi akijichukulia mali ya marehemu anatenda kosa ambalo adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi 10,000, kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote, na bado atawajibika kwa warithi kwa alichoharibu. Tunaomba familia zisiwaonyeshe wanunuzi nyumba ambayo bado iko mahakamani. Pesa ya mnunuzi ikishaliwa, ndugu huanza kushtakiana, na wanaoumia zaidi ni watoto wa marehemu.

Kuhusu madeni ya ardhi yenyewe, yapo mawili na hulipwa sehemu mbili. Reti, yaani tozo ya kaunti kwa ardhi, ni za Kaunti ya Jiji la Nairobi. Kodi ya ardhi hulipwa serikali kuu na wale wenye lizi, yaani waliopewa ardhi kwa miaka maalumu, ambao katika mitaa mingi ya zamani ya jiji ndio wengi. Kila moja ina cheti chake cha kuonyesha hakuna deni, na kimoja hakisimami mahali pa kingine. Mwenye lizi atahitaji pia idhini ya kuhamisha. Akiona lizi imebakiza miaka michache, aombe kuongezewa muda kabla ya kuuza, kwa sababu benki ya mnunuzi inaweza kukataa kukopesha. Ukiuza fleti, ongeza barua ya kampuni inayosimamia jengo kwamba huna deni la huduma, na uulize kama jengo limeshafuata Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya 2020, ambayo inataka kila fleti iwe na hati yake.

Wakazi wa Buruburu wanalijua hili la vyumba vya ziada vilivyojengwa uani au mbele ya nyumba. Kama viliongezwa bila kibali cha kaunti, usimwambie mnunuzi kwamba "kila mtu amejenga." Sheria ya Mipango ya 2019 inaadhibu ujenzi bila kibali kwa faini isiyozidi shilingi 500,000, kifungo kisichozidi miezi 2, au vyote. Tafuta msanifu aliyesajiliwa aombe kibali cha kile kinachoweza kukubaliwa, na kisichokubalika kitajwe waziwazi katika mkataba. Vyumba ambavyo havimo katika ramani iliyoidhinishwa huwa pia tatizo kwa mthamini wa benki.

Kodi ya faida ya mtaji ndiyo inayozua ugomvi mwingi zaidi. Inalipwa na muuzaji. Ushuru wa stempu, asilimia 4 katika maeneo ya miji, ndio wa mnunuzi. Kodi ya faida ilirejeshwa 2015 ikiwa asilimia 5, na tangu Januari 2023 ni asilimia 15. Haitozwi bei yote, kama wengi wanavyoeneza kwenye makundi ya WhatsApp, inatozwa faida. Tuchukue mtu aliyenunua nyumba South B kwa shilingi milioni 6 na kuipangisha miaka yote. Alilipa shilingi 500,000 za wakili na ushuru wa stempu wakati huo, baadaye akajenga ukuta na kubadilisha paa kwa milioni 1.5. Anauza kwa milioni 12, na gharama za kuuza, pamoja na wakili na wakala, ni 400,000. Faida yake ni milioni 3.6, kodi 540,000. Akipoteza risiti zote isipokuwa mkataba wa kununua, faida inasomeka milioni 6 na kodi inakuwa 900,000. Amepoteza 360,000 kwa kutohifadhi risiti. Akichelewa kulipa, kuna adhabu ya asilimia 5 na riba ya asilimia 1 kila mwezi.

Aliyeishi mwenyewe katika nyumba hiyo mfululizo kwa miaka 3 kabla ya kuihamisha husamehewa kodi hii, ilimradi nyumba ni yake binafsi na si ya kampuni. Msamaha huo unahitaji kuthibitishwa, kwa hivyo tafuta bili za stima na maji zenye jina lako, barua, chochote kinachoonyesha ulikuwa ukilala hapo.

Nyumba yenyewe mnaijua kuliko sisi. Rekebisha mabomba yanayovuja, safisha mifereji ya paa, toa vitu ambavyo hutahama navyo. Ombi moja tu: msifunike unyevu kwa rangi mpya. Mvua za Machi hadi Mei zitautoa tena, mara nyingi kabla mkataba haujakamilika, na mnunuzi aliyedanganywa juu ya ukuta ataanza kushuku hata hati. Kama kuna mpangaji, mpe notisi ya maandishi mapema na umwambie ukweli kuhusu siku za watu kuja kuangalia. Naye ni kwake pale.

Wakala awe amesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Mawakala wa Nyumba. Mwombe cheti chake cha mwaka huu. Bei ikadiriwe na mthamini aliyesajiliwa, si kwa kusikia jirani aliuza ngapi. Na tafadhali acheni kusambaza picha za hati na vitambulisho kwa mabroka. Nakala hizo ndizo matapeli hutumia kutengeneza hati za uongo na "kuuza" nyumba ya mtu aliye Mombasa au ng'ambo. Mnunuzi wa kweli atatosheka na nambari ya ploti afanye sachi yake, na nakala zitapita kati ya mawakili.

Mkataba wa ardhi sharti uandikwe, utiwe sahihi na pande zote, na sahihi zishuhudiwe. Makubaliano ya mdomo hayatekelezwi mahakamani hata kama mlipeana mikono mbele ya mzee wa mtaa. Muuzaji awe na wakili wake, na pesa zipite kwa wakili huyo. Funguo zisitolewe kabla malipo hayajakamilika, au kabla wakili wa mnunuzi au benki yake haijatoa ahadi ya maandishi ya kulipa. Siku ya kukabidhi, someni mita za maji na stima pamoja, muandike tarakimu, mtie sahihi wote wawili, kisha upeleke nakala kwa kampuni ya maji ili akaunti ibadilishwe jina. Mwezi unaofuata bili itakuja, na lazima ijulikane ni ya nani.