Fimbo ya Kuvulia Trauti: Tunayoambiwa na Yaliyo Kweli

Mtu aliyezoea kuvua mbuta Kisumu, akipanda Kericho kutafuta trauti kwenye mito ya baridi kama Kiptiget, huenda na mawazo ya ziwani. Hapo ndipo wengi hununua fimbo isiyowafaa.

"Namba ya fimbo ni uzito wa samaki inayemmudu." Sivyo kabisa. Tazama juu kidogo ya mpini, utaona maandishi kama 9'0" #5. Futi 9 ni urefu, yaani mita 2.7 hivi. Namba 5 ni ya mshipi unaoifaa fimbo hiyo, na hupatikana kwa kupima mita 9 za mwanzo za mshipi. Kipande hicho kikiwa cha namba 5 kina gramu 9 hivi. Cha namba 3, gramu 6.5, cha namba 8, karibu gramu 14. Ziwani unarusha chubwi, kile kizito cha kuzamisha ndoana, nayo inauvuta uzi. Kwa trauti unarusha inzi bandia, chambo ambacho ni manyoya na nyuzi zilizofungwa kwenye ndoana, hana uzito wa kumfikisha popote. Mshipi wenyewe, ule mnene, ndio unaoipinda fimbo. Fimbo ikijinyoosha, inaurusha pamoja na inzi. Fimbo namba 8 ukiifunga mshipi namba 3 haitapinda, na mshipi utakuangukia miguuni. Anayeanza achukue namba 4 au 5.

"Ndefu ndiyo bora." Kwenye bwawa la wazi, sawa, futi 9 inafaa. Lakini kwenye vijito vya msitu wa Mau, matawi yakiwa yamefunika maji, futi 7 hadi 8 itakupunguzia kero nyingi.

"Fimbo ngumu ya bei ghali hutupa mbali." Mikononi mwa mzoefu, ndiyo. Wewe tafuta inayopinda hadi katikati, uusikie mshipi ukivuta. Halafu, trauti wa kijitoni mara nyingi huwa hatua chache tu kutoka ulipo! Pesa zikibaki, nunua mshipi mzuri. Mimi ningechagua mshipi mzuri kwenye fimbo ya kawaida kuliko kinyume chake. Rili, kile kigurudumu cha kukunjia mshipi, nayo isikusumbue: kwa trauti wadogo kazi yake kubwa ni kuhifadhi mshipi.

"Itikise dukani, utaijua." Bila mshipi haikuambii mengi. Omba ufunge mshipi, utoke nje penye nyasi, mwishoni ufunge kipande cha uzi wa sufu badala ya ndoana. Rusha nyuma, subiri mshipi unyooke, ndipo urushe mbele.

"Fimbo haina hatari." Hili naomba ulizingatie sana. Fimbo nyingi za leo ni za kaboni, na kaboni hupitisha umeme. Kericho ina radi nyingi, hasa alasiri. Ukisikia ngurumo, ilaze chini utoke majini, na usiiinue kamwe chini ya nyaya za stima.