Theluji ya masika Kibo: tazama saa kabla ya kalenda

Kila Aprili, Kibo, kilele kirefu kuliko vyote cha Mlima Kilimanjaro, kinapojifunua alfajiri na theluji ikaonekana kutoka Moshi mjini, wageni ninaowaongoza mlimani huniuliza kama huku nako kuna maporomoko ya theluji kama yale ya milima ya Alps, Ulaya, majira ya kuchipua. Swali ni zuri, ila kalenda yake si ya kwetu.

Kule, theluji iliyorundikana tangu majira ya baridi hupigwa na jua kwa majuma kadhaa. Maji hupenya kati ya matabaka, tabaka moja likakosa mshiko, na mteremko wa nyuzi 30 hadi 45 ukaachia mzigo wote. Kibo, kilicho nyuzi tatu tu kusini mwa Ikweta, huganda usiku na kuyeyuka mchana, kwa hiyo badiliko ambalo kwao huchukua majuma, sisi hulipata kati ya alfajiri na adhuhuri.

Saa kumi usiku, juu ya kambi ya Barafu, theluji huwa imeshika ukoko mgumu kama wa wali chunguni: fimbo hugonga, buti halizami. Saa nne asubuhi ukoko uleule hupasuka chini ya mguu na mtu akazama hadi gotini, pumzi zenyewe zikiwa za kuhesabu. Niliwahi kuchelewa kuondoka na kundi moja kwa sababu ya mabishano ya chai, na kushuka kukatuchukua karibu mara mbili ya muda wa kawaida.

Hata hivyo, ninachokiogopa zaidi ni mawe. Barafu ndiyo gundi inayoyashikilia kwenye kuta za Kibo, na ikilegea hayatoi taarifa. Januari 2006, mawe yaliporomoka kwenye Western Breach, njia ya upande wa magharibi wa Kibo, na kuwaua wapandaji watatu Wamarekani. Wala haukuwa mwezi wa masika. Njia ile hupitwa mapema, kabla jua halijaigusa.

Mchana, upepo hupanda kutoka mabondeni ukibeba unyevu, na wingu likafunika nyayo zetu za asubuhi. Kwa hiyo wakati wa masika mimi huwaamsha wageni saa nne usiku, chai ikiwa tayari, na ikitimia saa mbili asubuhi hatujaona kibao cha Stella Point, ukingoni mwa kreta ya Kibo, ninaligeuza kundi, hata kama anga bado ni jeupe.