Maongozi ya Mungu kwa mtu mmoja mmoja: maana yake

Katika mafundisho ya Kikristo, maongozi ya Mungu ni imani kwamba Mungu hakuumba ulimwengu kisha akauacha ujiendee wenyewe. Anaushika, anaulisha, anauelekeza. Hadi hapo wengi hawana ubishi. Ugumu uko kwenye nusu ya pili: kwamba uangalizi huo hauishii kwa taifa, kijiji au ukoo, unamfikia mtu mmoja mmoja kwa jina lake. Mama anayepalilia viazi Makete kwenye baridi ya Juni anaangaliwa yeye kama yeye, na dereva wa lori anayeshuka mlima wa Kitonga usiku vivyo hivyo.

Andiko linalosomwa zaidi juu ya jambo hili ni lile la mashomoro, na wengi hulisoma haraka mno. Mathayo 10:29 inasema wawili waliuzwa kwa senti moja. Luka 12:6 inasema watano kwa senti mbili. Piga hesabu: kwa bei ya Mathayo, senti mbili zinakupa wanne. Huyo wa tano ametupiwa juu. Mkulima wa Njombe au Uyole hahitaji mhubiri amfafanulie hapo, kwa sababu anaijua lumbesa, ule mlima unaoshonewa juu ya gunia na mnunuzi akaondoka nao bila kuulipia. Senti yenyewe ilikuwa sarafu ndogo ya Kirumi, sehemu ya 16 ya dinari, na dinari moja ndiyo ujira wa siku wa kibarua katika mfano wa shamba la mizabibu, Mathayo 20. Kwa hiyo shomoro alikuwa kitoweo cha watu wa hali ya chini, na yule wa tano hakuwa na bei kabisa. Luka anasema hata huyo hasahauliwi mbele za Mungu.

Sasa rudi kwa Mathayo uone kitu kinachorukwa. Shomoro anaanguka. Yesu hakusema haanguki. Alisema haanguki Baba asijue. Hapa ndipo dhana hii inapotofautiana na hirizi. Basi likikwepa ajali kwenye kona za Kitonga, abiria husema Mungu katulinda, na wana haki ya kushukuru. Lakini je, waliokufa kwenye basi jingine hawakuwa na Mungu? Yesu aliletewa habari za vifo vya namna hiyo, naye akataja watu 18 walioangukiwa na mnara huko Siloamu (Luka 13:4). Akakataa katakata kwamba walikuwa wakosaji kuliko wenzao. Anayepima upendo wa Mungu kwa orodha ya walionusurika anatumia kipimo ambacho Yesu mwenyewe alikitupa.

Ndiyo maana mimi huwa sifurahii ile kauli ya msibani, "kazi ya Mungu haina makosa," inapotamkwa kabla hata kaburi halijachimbwa. Inaweza kuwa kweli ya imani, lakini inamfunga mfiwa mdomo. Utafiti wa kitaifa wa 2016/17 uliikuta Njombe ikiongoza mikoa yote kwa VVU, asilimia 11.4 ya watu wazima. Nyuma ya namba hiyo kuna bibi waliozika watoto wao na kubaki na wajukuu. Ukimwambia mmoja wao kwamba hakuna kosa lililotokea, umempa hoja wakati alihitaji mtu wa kukaa naye mkekani.

Faraja ya kuangaliwa inaonekana wazi zaidi kwa Hajiri, Mwanzo 16. Ni mjakazi, mgeni kutoka Misri, mjamzito, amekimbia mateso ya Sarai, mke wa bwana wake Abramu. Soma mazungumzo ya Abramu na Sarai: hakuna kati yao anayemtaja jina, kwao ni "mjakazi" tu. Wa kwanza kumwita Hajiri ni malaika, jangwani, kwenye chemchemi ya maji. Naye anamjibu Mungu kwa kumpa jina: Mungu uonaye mimi. Mabinti wangapi wametoka vijiji vya Iringa kwenda kufanya kazi za ndani Dar es Salaam, na mwaka unaisha wageni wa nyumba hiyo wakiwajua kwa jina la "dada" tu? Habari ya Hajiri haifichi kwamba aliambiwa arudi, na kurudi huko hakukuwa kwepesi. Alirudi akijua kwamba ameonekana.

Mungu huyo anaangalia kwa njia gani? Mara nyingi kwa mikono ya watu. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, yaani kitabu cha mafundisho ya imani, iliyotolewa 1992, inafundisha kwamba Mungu huwashirikisha viumbe wake katika maongozi yake. Katekisimu Ndogo ya Martin Luther ya 1529, ambayo vijana wengi wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) hujifunza kabla ya kipaimara, inataja nguo na viatu, chakula, nyumba, shamba na mifugo kuwa vitu anavyovitoa Mungu, na sote tunajua viatu vina fundi. Waislamu nao wanasoma katika Sura Hud, aya ya 6, kwamba hakuna kiumbe katika ardhi ambaye riziki yake haiko kwa Mwenyezi Mungu, na bado mtu anaamka kwenda shambani. Kumtegemea Mungu hakufuti dawa, wala mwamvuli wa mvua za Tukuyu.

Wala hakufuti malalamiko. Waraka wa kwanza wa Petro, 5:7, unasema tumtwike Mungu fadhaa zetu zote, na fadhaa hazitwikwi kwa adabu. Zaburi ya 13 inaanza kwa kumuuliza Mungu atamsahau mtu hata lini. Anayeuliza hivyo bado anaongea na Mungu, hajaondoka. Kwa hiyo ukikutana na mtu anayelia na kumlaumu Mungu, usimkemee kwamba hana imani. Mwache amalize, kisha muulize kama amekula.