Bolti ya stenlesi haiilindi magnesi

Mafundi wengi wa Mtwara, hata kule Mikindani ambako upepo wa chumvi haukatiki, huamini kwamba ukifunga kifuniko chepesi cha magnesi (metali nyepesi, si sumaku), kama cha msumeno wa mnyororo, kwa bolti ya stenlesi, yaani chuma kisichoshika kutu, habari ya kutu imekwisha. Bolti itabaki inang'aa, ni kweli. Kinacholiwa ni kifuniko.

Metali mbili tofauti zikigusana penye maji ya chumvi huwa kama betri: iliyo nyepesi kuachia elektroni huliwa, mwenzake husalimika. Kwa kipimo cha kawaida cha volti, ambapo namba ikiwa chini zaidi metali huachia elektroni kwa wepesi zaidi, magnesi iko volti -2.37, chuma -0.44, stenlesi kwenye maji ya bahari huwa juu zaidi. Pengo hilo ni kubwa mno. Ndiyo maana unga mweupe na vishimo huanzia palepale chini ya kichwa cha bolti.

Wengine hupaka rangi magnesi peke yake. Hapo naomba sana tuelewane: rangi ikikwaruzika, ulaji wote hujikusanya kwenye mkwaruzo ule mdogo na kutoboa upesi. Bolti nayo ipakwe. Chini yake weka washa pana ya plastiki, au ya aluminiamu aina ya 5052.