Sheria ya Bara si lazima iwe sheria ya Unguja na Pemba

Kwenye mikutano ya elimu ya sheria mashehiani, yaani kwenye mitaa na vijiji vyetu, dhana moja hujitokeza sana: kwamba Sheria ya Ndoa ya 1971, inayotajwa kila siku redioni, ndiyo inayotuhusu. Sivyo. Sheria ile ni ya Tanzania Bara. Huku Zanzibar, ndoa, talaka, matunzo na mirathi ya Waislamu husikilizwa Mahkama ya Kadhi, chini ya sheria iliyotungwa na Baraza la Wawakilishi mwaka 2017.

Sababu iko kwenye Katiba ya Muungano ya 1977. Ibara ya 64 inalipatia Baraza mamlaka ya kutunga sheria kwa mambo yote ya Zanzibar yasiyo ya Muungano. Ndiyo maana tuna Sheria yetu ya Mtoto, Namba 6 ya 2011, na ya ajira ya 2005. Uraia na polisi ni mambo ya Muungano, hayo ni mengine.

Inaniuma kumwona mama wa Micheweni akidai haki yake kwa kifungu kisichomhusu, ilhali kinachomlinda kipo. Msaidizi wa sheria akija shehiani, muulize kwanza: sheria hii imetungwa na chombo gani, na inatumika wapi?