Sola inauzika, lakini nani atamkopesha muuzaji?

Kazi yangu ni kusoma mahesabu ya kampuni changa za nishati safi zinazotafuta mtaji. Wavumbuzi wengi huanza kwa kunisifia kifaa: betri inadumu, jiko linakula mkaa nusu. Sawa. Mimi nataka kujua nani analipa, lini, na kwa shilingi au kwa dola.

Chukua hesabu hii ya mfano. Seti ya sola yenye taa na redio inaigharimu kampuni shilingi 14,000 za Kenya mpaka imfikie mteja. Mteja anatoa malipo ya awali 2,000, kisha analipa pole pole, 50 kila siku kwa M-Pesa, mwaka mzima. Jumla ni 20,250, kwa hiyo faida ipo. Lakini siku ya kwanza kampuni imebaki na pengo la 12,000, na itachukua miezi minane kulifukia. Kwa wateja elfu kumi, hizo ni milioni 120 zilizotawanyika vijijini. Kadiri mauzo yanavyochangamka ndivyo akaunti inavyokauka, jambo linalowashangaza hata wahandisi hodari wa hesabu.

Wengi hukimbilia kuuza hisa ili kuziba pengo hilo. Huko ni kuuza shamba ili ununue mbegu. Mtaji wa hisa ni wa kubeba hatari ambayo bado haijapimika: kujaribu kifaa, kuunda programu ya malipo, kuona kama mkulima wa Kakamega atalipa mavuno yakichelewa. Ruzuku nayo ina mahali pake, hasa kule ambako soko peke yake halifiki. Ndiyo maana KOSAP, mradi wa serikali ya Kenya wa kupeleka sola kusikofikiwa na gridi, wenye dola milioni 150 za Benki ya Dunia, ulilenga kaunti 14 zikiwemo Turkana na Mandera.

Bidhaa zilizokwisha kuthibitika zinunuliwe kwa mkopo. M-KOPA, kampuni iliyouza sola kwa malipo ya kila siku, ilipoingia sokoni mwaka 2012, mabenki hayakuwa na namna ya kumpima mtu anayelipa 50 kwa siku. Kumbukumbu za malipo zilizokusanywa kupitia simu ndizo zilizoleta kipimo. Kufikia 2017 kampuni hiyo ilipata mkopo wa dola milioni 80 ulioongozwa na benki ya Stanbic, kwa shilingi za Kenya na Uganda. Mwaka 2023 kampuni ya sola ya Sun King na benki ya Citi walikwenda mbali zaidi: madeni ya wateja wa Kenya yaliwekwa kwenye kampuni iliyoundwa kwa kazi hiyo tu, na wawekezaji wakatoa shilingi zenye thamani ya dola milioni 130. Hapo mwekezaji hanunui ndoto za mwanzilishi. Ananunua zile 50 za kila siku.

Hilo la shilingi si jambo dogo. Mwanzoni mwa 2023 dola ilikuwa kama shilingi 123 za Kenya. Mwishoni mwa mwaka, kama 157. Aliyekopa dola milioni moja aliona deni la milioni 123 likifika 157 kabla hata ya riba, na mteja wake hakuongeza hata shilingi moja. Mkopo wa dola wenye riba ya kuvutia huwa nashauri ukataliwe, labda uwe na kinga ya mabadiliko ya sarafu, na kinga yenyewe si rahisi.

Fedha za ndani zipo. Mifuko ya pensheni ya Kenya inashikilia zaidi ya shilingi trilioni 2, sehemu kubwa ikiwa kwenye hatifungani za serikali, yaani mikopo ambayo serikali huilipia riba. Siwalaumu: Februari 2024 serikali iliuza hatifungani ya miundombinu kwa riba iliyozidi asilimia 18, bila kodi. Nani angehangaika na seti za sola? Riba zimeshuka tangu wakati huo, na kwa maoni yangu mlango wa kuwaingiza ni mmoja: taasisi ya fedha za maendeleo ibebe hasara ya kwanza wateja wakishindwa kulipa, tuseme asilimia 10 ya madeni, halafu pensheni zichukue fungu linalolipwa kabla ya mengine.